Tasnifu Haijakamilika na Mwaka Unakwisha: Je, Nichukue Data za Msimamizi Wangu?

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni daktari, mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Arua, na ninasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Niko mwaka wa tatu, ambao kwa ratiba ndio wa mwisho. Wodini tunaitwa SHO, na kwa wasomaji wasioijua kazi yetu naomba nieleze kwamba daktari wa namna hii hubeba majukumu mawili kwa wakati mmoja: anatibu wagonjwa usiku na mchana kama mtumishi yeyote wa hospitali, na papo hapo ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili asiyeweza kuhitimu mpaka awasilishe tasnifu iliyotokana na utafiti wake. Zamu nimezizoea na mitihani siiogopi. Kinachoninyima usingizi ni utafiti.

Swali langu lilizaliwa wodini. Watoto wachanga wengi wanaoletwa kwetu kwa rufaa kutoka vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne hufika wakiwa wamepoa mwili. Mama mmoja alishuka kwenye boda boda akiwa amemkumbatia mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, amemfunga kwa kitenge kilicholowa mvua. Nilipomwekea mtoto kipimajoto kwapani kilisoma nyuzi 34.2, ilhali mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Karatasi ya rufaa ilitaja kupumua kwa shida, dawa alizopewa na saa aliyoondoka kituoni, lakini nafasi ya kuandika joto la mwili ilikuwa tupu. Nikaanza kujiuliza ni wangapi wanaofika katika hali hiyo, na ni nini kinachowapata ndani ya siku saba za kwanza.

Pendekezo langu la utafiti lilichukua muda mrefu kupita. Kamati ya maadili ilitaka fomu za ridhaa zitafsiriwe kwa Kiswahili na lugha nyingine mbili, kwa kuwa tunapokea pia akina mama wanaovuka mpaka kutoka Kongo, na ilitaka nieleze jinsi nitakavyomwomba ridhaa mama aliyetoka kujifungua bila kumsumbua. Hoja zao zilikuwa za haki, lakini kibali kilipotoka mwaka wa pili ulikuwa unaelekea ukingoni. Sampuli niliyoidhinishiwa ni watoto 384, nami sijafika hata nusu. Mkunga aliyekuwa akinisaidia kusajili watoto wa usiku nilimlipa kutoka mfukoni mwangu, na mfuko umekauka. Simu za siku ya saba nyingi hazipatikani, au hupokelewa na shemeji asiyejua lolote kuhusu mtoto. Kibali chenyewe kinakaribia kuisha muda wake.

Sasa msimamizi wangu, profesa ninayemheshimu sana, ameniita ofisini na kunipa njia ya kutokea. Anazo data za mradi mkubwa walioufanya na chuo cha nje kuhusu nimonia kwa watoto walio chini ya miaka mitano, zimeshasafishwa, na amesema nichukue sehemu yake, niandike pendekezo jipya, nichambue na kumaliza pamoja na wenzangu. Ameongeza kwamba makala itakayotokana nayo, jina lake ndilo litakalotangulia. Wapo waliopita njia hiyo na leo ni mabingwa.

Mume wangu ananiambia nizichukue nirudi nyumbani. Wilaya iliyoniajiri ilinipa likizo ya masomo ya miaka mitatu tu, tuna watoto wawili, na ada ya mwaka wa nne hatujui itatoka wapi. Lakini kila nikizifikiria data zile naona sina ninalolijua juu yake: sikuwaona watoto hao, sikuuliza swali hilo, na wale wangu waliofika wamepoa nitakuwa nimewaacha kwenye boksi la fomu. Mwenzangu mmoja amenielekeza kwa mtu mwenye duka la kompyuta karibu na hospitali ambaye, kwa malipo, "humalizia" fomu zilizobaki. Nimekataa, ingawa naambiwa kila mtu hufanya hivyo.

Je, niongeze mwaka nimalize kazi yangu, au nichukue data za msimamizi nihitimu?

Daktari Mwenye Boksi la Fomu

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uzito uliobeba.

Nikiielewa barua yako sawasawa, una swali unalolipenda na ambalo lina maana kwa wagonjwa wako, lakini muda, pesa na idadi ya watoto vimekataa kwenda pamoja. Una msimamizi aliyekufungulia mlango mwingine kwa nia ambayo wewe mwenyewe huioni kuwa mbaya. Na una familia na mwajiri wanaokusubiri. Chini ya hayo yote nasikia jambo ambalo hukuliandika waziwazi, kwamba unaogopa kuchukua data za mwingine kutakufanya uhitimu bila kuwa mtafiti, na unaogopa pia kwamba kuongeza mwaka kutakufanya uonekane umeshindwa. Sitakuchagulia njia, kwa sababu wewe ndiye utakayeishi na uamuzi huo. Hata hivyo kuna mambo kadhaa katika barua yako ambayo umeyachukua kuwa ya kudumu, nami naona yanaweza kusogezwa.

La kwanza ni hiyo 384. Wanafunzi wa afya nchini mwetu wanaijua namba hii kama wanavyojua namba zao za usajili, kwa kuwa ndiyo inayotoka katika kanuni wanayoiita ya Kish Leslie pale mtafiti anapokadiria kwamba jambo analolitafuta linawapata watu 50 kati ya 100 na kukubali kukosea kwa pointi 5 juu au chini. Kadirio la 50 hutumika zaidi pale ambapo mtu hana tafiti za awali za kumwongoza. Iwapo tafiti zilizofanyika katika hospitali zinazofanana na yako zinaonyesha, tuseme, kwamba watoto 80 kati ya 100 wa rufaa hufika wamepoa, kanuni ileile na kiwango kilekile cha kukosea vitakupa watoto 246. Ukibaki na 50 lakini ukakubali kukosea kwa pointi 7, utapata 196. Namba hizi nimezitoa kwa mfano tu, na kuna hatari ndani yake ambayo mtahini yeyote makini ataiona: ukipunguza sampuli kwa sababu mfuko umekauka, kisha ukatafuta kadirio la kuipamba, utakuwa umeigeuza hesabu kuwa kisingizio. Sababu iwe ya kisayansi, iandikwe kabla hujachungulia matokeo, na kamati ya maadili iidhinishe marekebisho kabla hujayatumia. Mtakwimu wa idara yako anaweza kuketi nawe saa moja tu na kukuambia kama hoja hiyo inasimama au haisimami.

Ukiwa naye, muulize jambo lingine ambalo huenda lina uzito zaidi. Umeandika maswali mawili, la wangapi wanafika wamepoa na la nini kinawapata ndani ya siku saba. Kanuni iliyokupa 384 inajibu la kwanza peke yake. Kulinganisha vifo vya waliopoa na vya wasiopoa kunahitaji hesabu nyingine, na inawezekana kabisa kwamba hata ungewafikia watoto wote 384, swali la pili lisingepata jibu la uhakika. Nasema hili kwa moyo mzito, kwa sababu naona ndilo unalolipenda zaidi. Lakini ndilo pia linalokula vocha zako na kukuletea simu za shemeji. Utafiti unaobaki na joto la mtoto anapofika, umbali aliotoka, jinsi alivyofunikwa, chombo alichosafiria na kile kilichoandikwa au kutoandikwa kwenye karatasi ya rufaa ni utafiti kamili. Nafasi tupu uliyoiona kwenye karatasi ya yule mama ni tokeo linaloweza kuhesabiwa, na ni tokeo ambalo afisa wa afya wa wilaya anaweza kulifanyia kazi mara moja, bila kusubiri mashine wala jengo. Kinachopotea ni siku saba. Je, unaweza kukubali zipotee kwa sasa, ukazirudia siku ukiwa bingwa mwenye wodi na wasaidizi? Sijui, na usijilazimishe kukubali haraka.

Hapo una njia ya tatu ambayo barua yako haikuitaja. Ipo pia ya nne, ya kutumia mafaili na rejista za watoto waliokwisha kutibiwa, ambayo huwa ya haraka na nafuu na mara nyingi kamati inaweza kuruhusu ifanyike bila ridhaa ya kila mzazi. Lakini wewe umeniambia kwamba joto haliandikwi, na faili lisilo na joto halitakupa joto, kwa hiyo sitaitilia mkazo.

Tuje kwa data za profesa. Umesema "sina ninalolijua juu yake", nami nakuuliza: je, huwezi kujifunza? Nadhani umeipima njia hii kwa kipimo kikali kuliko inavyostahili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika ugonjwa huo mwaka 1958, na sehemu ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kama yako, yaani macho ya daktari na mgonjwa aliye mbele yake. Ila ugonjwa ule ungebaki simulizi ya hospitali moja kama asingetuma hojaji kwa hospitali nyingine nyingi za Afrika kuuliza kama nao wanauona, akachora ramani kutokana na majibu ya madaktari wengine, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili kuzizunguka hospitali za mashariki na kusini mwa bara. Ramani ile ilijengwa pia kwa watoto ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwashika. Kutumia kilichokusanywa na wengine ni ufundi halali wa utafiti, na familia zilizowatoa watoto wao kuhojiwa na kupimwa zinastahili kuona data zao zikitumika badala ya kulala kwenye kompyuta.

Uhalali wake hata hivyo unategemea mambo ambayo bado hujayauliza, au hukuyaandika. Wazazi wa watoto wale waliridhia nini hasa: mradi ule peke yake, au na matumizi ya baadaye? Chuo cha nje kina haki gani juu ya data hizo, na je, kuna mkataba unaoruhusu mwanafunzi kuzichambua? Majina na namba za simu zimeondolewa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotutaka kuwa waangalifu? Kamati iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda itahitaji kuliona pendekezo lako jipya, nawe wajua kutokana na lile la kwanza kwamba hili halimalizwi kwa siku mbili. Msimamizi wako anaweza kuwa na majibu mazuri kwa yote haya. Lakini ukimkubalia kwa kudhani kwamba njia hii haina foleni, unaweza kujikuta katikati ya mwaka huna data zake na umeziacha zako.

Kisha kuna swali litakalokuwa lako ndani ya data zile. Ukipewa sehemu iliyokwisha kukatwa, pamoja na swali lililokwisha kuandikwa, utakuwa karani wa takwimu, na mtahini wa nje akikuuliza kwa nini kipimo fulani kilichukuliwa namna ile hutakuwa na la kusema. Ukiomba uisome itifaki ya mradi mzima, uzungumze na wauguzi waliojaza fomu, uone zilipopungua na kwa nini, halafu ulete swali lako mwenyewe, hiyo itakuwa kazi yako. Tofauti ya mambo hayo mawili msimamizi anaweza kuikubali au kuikataa, na jibu lake litakueleza mengi kuhusu kile alichokupa.

Kuhusu jina kutangulia nitakuwa mkweli: desturi iliyoenea ni kwamba makala inayotokana na tasnifu ya mwanafunzi hutanguliwa na jina la mwanafunzi, kwa sababu ndiye aliyechambua na kuandika, na msimamizi huwekwa mwishoni, nafasi ambayo wasomaji wa majarida ya tiba huiheshimu. Mradi mkubwa huweza kuwa na makubaliano yake, na profesa anaweza kuwa alikuwa akiyafikiria hayo. Lizungumzeni mapema, kwa adabu, na mliandike. Ukinyamaza sasa kwa heshima, utalisema baadaye kwa uchungu.

Kuongeza mwaka nako si aibu kama unavyokuona. Kwa mtu aliyeanza kukusanya data mwishoni mwa mwaka wa pili, huku akiwa zamu za usiku, ni matokeo yanayoweza kutabirika. Hatari zake ni za kweli: ada, likizo ya masomo inayoisha, watoto wanaokukosa, na hakuna anayekuahidi kwamba wagonjwa wa rufaa wataongezeka au kwamba utaweza tena kumlipa mkunga. Mwaka wa nne bila mpango tofauti utakuwa mwaka wa tatu uliorudiwa. Kabla ya kuuchagua au kuukataa, nenda ofisi ya masomo ya uzamili uulize ni ada gani hasa hutozwa mwanafunzi aliyebakiza tasnifu tu, kama mitihani ya mwisho waweza kuifanya na wenzako, na kama unaruhusiwa kurudi kazini ukiandika ukiwa huko. Mwandikie pia mwajiri wako mapema, kwa sababu wilaya inayoarifiwa miezi kadhaa kabla hujibu tofauti na wilaya inayogundua kwamba daktari wake hakurudi. Na mume wako, nadhani, anastahili kuziona namba hizo pamoja nawe. Anaposema "rudi nyumbani" anaweza kuwa anasema amechoka, na mtu aliyechoka anataka kujua mwisho uko wapi zaidi ya anavyotaka njia fulani.

Mtu wa duka la kompyuta nisingependa kumweka kwenye mizani moja na mengine. Ulimkataa, na nafurahi. Fomu anayoijaza ni mtoto ambaye hakuzaliwa, mwenye joto ambalo hakuna aliyelipima, na siku moja namba hiyo inaweza kusomwa na mtu anayepanga vituo vipewe nini. Vilevile inawakosea wale akina mama waliotia sahihi au kidole gumba huku bado wanatokwa na jasho la uchungu, kwa kuwa majibu yao ya kweli yangechanganywa na ya kubuni bila kutenganishika tena. Sijui kama kila mtu hufanya hivyo. Wewe hukufanya, na hilo lishike katika zote hizo njia ulizo nazo.

Unaweza pia kuwa unajiuliza kwa nini daktari wa wodi anatakiwa tasnifu hata kidogo. Swali hilo ni halali, na watu wenye nia njema hutofautiana juu yake. Marekani, kwa mfano, madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa hutakiwa kushiriki kazi za kitaaluma, lakini tasnifu si sharti kwa wote, na wanakuwa mabingwa wazuri. Kwetu ubingwa mwingi umepitia chuo kikuu na shahada ya uzamili, na shahada ina tasnifu yake. Mimi binafsi naliunga mkono sharti hili, ila naona ni dhuluma kumdai daktari utafiti bila kumtengea muda wala fedha za kuufanyia. Mwaka 1985 daktari kijana David Serwadda na wenzake walieleza katika jarida la The Lancet ugonjwa wa kukonda waliouona kusini magharibi mwa nchi, ugonjwa tunaoujua leo kama UKIMWI. Madaktari wanaowaona wagonjwa wetu ndio waliotangulia kuuliza, na ningehuzunika kama wa kizazi chako wangefundishwa kwamba kuuliza ni adhabu. Kwa hiyo, njia yoyote utakayoifuata, jiulize itakuacha ukiwa na hamu gani ya kuuliza swali linalofuata. Wapo wanaomaliza kwa wakati na hamu yao ikawa hai. Wapo waliong'ang'ania swali moja mpaka wakalichukia.

Nakusihi uombe kikao na msimamizi wako, lakini usiende na jibu la ndiyo au hapana. Nenda na karatasi moja inayoonyesha idadi ya watoto uliokwisha kuwasajili, wastani wa wanaosajiliwa kwa mwezi, ushauri wa mtakwimu kuhusu sampuli, na yale maswali ya ridhaa na mkataba juu ya data zake. Inawezekana aliitoa njia ile kwa sababu alidhani utafiti wako umekufa, na akiuona umebaki hai lakini umepungua, atashauri lingine. Mwanzo wa mazungumzo unaweza kuwa mwepesi tu: "Profesa, nashukuru kwa nafasi uliyonipa, na kabla sijajibu ningependa tuitazame kazi yangu pamoja kwa mara nyingine."

Barua ya kuhuisha kibali cha maadili, hata hivyo, iandike wiki hii bila kusubiri kikao. Vibali hivi kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na kikiisha kabla hujaomba hutaruhusiwa kusajili mtoto hata mmoja mpya, ukiwa bado hujaamua kama unamhitaji.